Nauza nyumba ya marehemu mzee, safu ya kwanza kutoka baharini, Bamburi, Mombasa. Bahari imeshabeba ukuta. Nimwambie mnunuzi?

Mtoto wa Mzee (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wengine. Uzi ni mrefu, mtanisamehe.

Marehemu mzee alinunua ploti Bamburi mwaka 1983. Enzi hizo ukishavuka daraja jipya la Nyali ni minazi na mashamba. Akajenga nyumba ya vyumba vinne kwa mawe ya matumbawe, baraza ikaangalia bahari. Mbele ya baraza palikuwa na mivinje mitatu, halafu ukuta mfupi, halafu mchanga. Sisi watoto tulipigwa marufuku kuvuka ule ukuta bamvua likijaa, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga.

Leo mvinje umebaki mmoja. Ukuta ulikwenda na upepo wa kusi wa mwaka juzi, ulilala usiku mmoja na asubuhi tukaukuta vipandevipande. Nimepima kwa hatua zangu: kutoka ngazi ya baraza mpaka mchanga unapokatika ni hatua ishirini na tatu. Mzee alikuwa akituhadithia kwamba yeye alianza na arobaini.

Ndugu tuko watano, wawili Nairobi, mmoja Jeddah. Mirathi imeshapita kwa kadhi na tumekubaliana kuuza. Amepatikana mnunuzi, bwana na mkewe kutoka Nairobi, wanatafuta nyumba ya kustaafia. Tumetaja milioni 38. Dalali aliwaleta siku ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi. Mwenye kuijua bahari yetu ameshacheka hapo. Bamvua la mwezi mpevu, saa nne maji yamepwa mpaka kule mwambani, ufuo umetanda kama uwanja wa mpira. Mama wa watu alivua viatu akatembea, akarudi akasema "hapa ndipo." Saa kumi jioni maji yalikuwa yanapiga mizizi ya mvinje, na wao wameshapanda treni ya saa tisa.

Wameuliza maji ya kisima, wameuliza stima, wameuliza majirani ni watu gani. Kuhusu bahari hawakuuliza hata neno. Dalali anasema ninyamaze. Dada yangu anasema tuseme, tusimle mtu haramu. Kaka wa Nairobi anasema ukifungua mdomo bei inashuka, na yeye kila shilingi ameshaipangia kazi.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Na kweli bei hushuka, au ni hofu zetu tu?

Dalali Mkongwe

Pole na msiba, ndugu yangu. Mimi kazi hii ni ya miaka mingi, Mtwapa mpaka Diani. Nikwambie ukweli mtupu: kwetu bei inapangwa na safu, hati na barabara. Basi. Safu ya kwanza ni safu ya kwanza, hata sheria ya ardhi ya mwaka 2016 inazitaja safu ya kwanza na ya pili kutoka maji yanapojaa, kwa ajili ya kuwabana wageni. Sijaona mteja akishusha bei kwa sababu ya mawimbi. Anashusha kwa sababu njia ya gari ina mashimo.

Na mteja ni mtu mzima, ana macho. Bahari haikufichwa nyuma ya pazia. Ukianza khutba ya tabianchi utakaa na hiyo nyumba mpaka uzae wajukuu.

Kijana wa Likoni

Bahari haikufichwa, ila ratiba ya maji ndiyo iliyofichwa. Saa nne asubuhi bamvua la mwezi mpevu, yakhe! Huo si udalali, huo ni uganga.

Dalali Mkongwe

Mteja anapokuja ndipo anapokuja. Simpangii mwezi.

Savea Mstaafu

Kijana mwenye uzi, kabla ya mambo ya bei nikuulize swali moja. Bikoni zako nne, yale mawe ya mpaka wa ploti, ziko wapi?

Nauliza kwa sababu ploti nyingi za zamani za pwani zilipimwa mpaka kwenye alama ya maji kujaa. Baadaye kanuni za upimaji za mwaka 1994 zikasema ardhi ya serikali ya ufuoni ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida iachiwe ukanda usiopungua mita 60 kutoka kwenye alama hiyo. Wenye hati za zamani wengi hawana huo ukanda. Kinga yao ilikuwa mchanga, miti, na ule mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbali. Mwamba wenyewe ulipata pigo mwaka 1998, joto la Elnino lilipopausha matumbawe ya pwani yetu na mengi yakafa.

Nimetafuta bikoni ufuoni zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi. Unashika ramani, unaanzia jiwe la barabarani, unapima, unatembea. Jiwe la mbele unalipata limelala ubavu kwenye mchanga na watoto wamelikalia wanakula mahamri. Au hulipati kabisa. Mwenye nyumba anakuja juu, "hati yangu inasema nusu ekari!" Hati haijasema uongo, ila ilisema siku ile ilipoandikwa.

Kwa hiyo usiichukulie hii kama habari ya hali ya hewa. Ni habari ya ukubwa wa kitu unachouza.

Mtoto wa Mzee

Mzee wangu umenistua. Alfajiri nitashuka na jembe.

Mama Tawfiq

Mimi niongee kama mnunuzi, maana hapa naona wauzaji tu.

Tulinunua Shanzu miaka sita iliyopita, tena safu ya pili, tukajiona wajanja. Nyumba nzuri, rangi mpya, harufu ya rangi bado. Hakuna aliyetuambia kitu. Mwezi wa tatu wa kukaa ndani, usiku wa bamvua, nasikia choo cha chini kinaguguma. Nikadhani ni hewa. Asubuhi maji yamepanda mpaka kwenye ukingo wa bakuli. Fundi akaja, akafungua shimo la nje, akaingiza kijiti, akakilamba! Wallahi amekilamba, akasema, "Mama, hii ni chumvi." Maji ya bahari yanapita chini kwa chini kwenye mwamba, shimo letu linajaa kila mwezi ukiwa mpevu na kila ukiandama. Kisima nacho mwaka wa kwanza kilifaa kuoga, sasa sabuni haitoi povu.

Nikamwendea jirani, bibi mmoja aliyekaa pale tangu ujana wake, nikamwambia bibi mbona hukuniambia? Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hukuniuliza. Ulikuja na gari, ukaondoka na gari."

Kile kitu walikijua mtaa mzima. Muuza maji anakijua, fundi anakijua. Kwenye makaratasi ya wakili hakipo, kwenye ripoti ya benki hakipo. Mtoto wa Mzee, mwambie huyo mama aliyevua viatu.

Mvita wa Ng'ambo

Naandika kutoka Wellington, New Zealand, lakini kitovu changu kiko Kibokoni. Hili la mwenye uzi hapa lilifika mpaka mahakamani.

Kaskazini kidogo ya mji huu kuna pwani inaitwa Kapiti. Huku ukitaka kununua nyumba unaomba halmashauri ikupe taarifa rasmi ya ile ardhi: mipaka, mabomba, vibali, hatari zilizopo. Mwaka 2012 halmashauri ya Kapiti ikachora mistari kwenye ramani, bahari inaweza kufika hapa baada ya miaka 50, na hapa baada ya 100, kisha ikaitia kwenye taarifa za nyumba kama 1,800. Watu waliwaka moto! Walisema wameuawa kibei, nani atanunua nyumba yenye mstari wa kifo. Wakaenda Mahakama Kuu, namna mistari ilivyoandikwa ikakosolewa, mwisho halmashauri ikaiondoa.

Wachumi wakaja baadaye na mauzo halisi mkononi, kabla ya mstari, mstari ukiwepo, na ulipoondolewa. Walitegemea kuona shimo kwenye bei. Hawakuona chochote cha maana.

Ndugu wa Nairobi wa mwenye uzi anaweza kulala usingizi, basi. Lakini mimi naisoma tofauti. Mtu anayekwenda kutoa pesa kwa ajili ya mandhari ameshajipatanisha na bahari moyoni mwake kabla hajaona karatasi. Karatasi inayosema "baada ya miaka 50" anaiona kama habari ya mtu mwingine. Harufu ya choo cha Mama Tawfiq ingemfanya akimbie siku hiyohiyo.

Mkunguni

Haya mambo ya kutishana nimeyachoka. Mwaka 2008 watafiti waliandika kwamba asilimia 17 ya Mombasa, hekta 4,600, itazama bahari ikipanda sentimita 30. Mpaka leo inanukuliwa kila warsha, watu wanakula biskuti wanarudi nyumbani. Nyumba zinauzwa, bei zinapanda.

Savea Mstaafu

Mkunguni, walisema "ikipanda". Bahari za dunia zilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi ya miaka ya mwisho ni kama milimita 3.7 kwa mwaka. Nyingine ipo njiani.

Ila hapo kwenye namba moja ya mji mzima nakuunga mkono. Simama pale barabara ya Mama Ngina uchungulie chini, kisiwa kimekaa juu ya jabali. Halafu nenda Tudor, nenda Jomvu kwenye mikoko, uone maji yanavyoingia kimyakimya kwa nyuma. Hiyo asilimia 17 haimwambii mtu wa Bamburi kitu kuhusu ploti yake. Hatua zake ishirini na tatu zinamwambia. Na zile kumi na saba zilizokwenda hazikuliwa na milimita peke yake. Ukuta wa jirani ukirudisha wimbi, mchanga unachotwa mlangoni kwako.

Mkunguni

Sawa mzee. Ila kumbuka huku Mji wa Kale na Majengo wengine tunauziana nyumba bila ardhi. Nyumba yangu, ardhi ya mtu mwingine, nalipa kodi ya ardhi kwa wakala wa mtu ambaye sijawahi kumtia machoni. Mambo ya bei kushuka ni ya wenye hati. Serikali ilipojenga ukuta wa bahari pale Fort Jesus ilikuwa inalinda ngome. Sisi tulio pembeni tulishukuru Mungu tu.

Mthamini Mchovu

Mimi ni mthamini, benki hunituma. Niwape siri ambayo si siri: ninapothamini nyumba ya ufuoni natafuta nyumba tatu nne zilizouzwa karibu nayo, nalinganisha, naandika. Kama wote waliouza walinyamaza na wote walionunua hawakuuliza, bei zao ndizo zinazokuwa kipimo changu. Kimya chao kinageuka kuwa namba yangu, na muuzaji anayefuata anaishika ripoti yangu anasema umeona, haijashuka. Tunazunguka hivyo.

Marekani wana data za kutosha. Watafiti walilinganisha nyumba zilizo sawa kwa umbali kutoka ufuoni, tofauti ikiwa moja iko mahali ambapo bahari ikipanda itafikiwa. Zile za hatarini ziliuzwa kwa kama asilimia 7 chini. Kilichonivutia ni nani aliyeshusha: zaidi ni wanunuzi wa nyumba za kupangisha na za uwekezaji, wale wa kalamu na kikokotoo. Anayenunua akae mwenyewe hununua kwa macho. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2021, ulikuta nyumba ikitiwa kwenye ramani rasmi ya mafuriko inapoteza kama asilimia 2, wakati hatari yenyewe ilistahili zaidi ya hapo, na majimbo yanayomlazimisha muuzaji kuitaja hatari hiyo, hayo ndiyo yenye kushusha zaidi. Kwa hiyo Dalali Mkongwe hajakosea kuhusu soko lilivyo. Amekosea kudhani litabaki hivyo.

Kuna kijiji Wales kinaitwa Fairbourne. Mpango wa pwani ulisema utafika wakati wa kuacha kukilinda na bahari. Watu walikuwa bado wamekaa, nyumba kavu, lakini benki zikasita kutoa mikopo. Bila mkopo mnunuzi ni mwenye pesa taslimu peke yake, na mwenye pesa taslimu anajua kuwa yuko peke yake.

Siku benki moja ya hapa itaniongezea mstari kwenye fomu, "nyumba iko hatua ngapi kutoka maji ya bamvua", ndiyo siku mtaona bei zikitembea.

Dalali Mkongwe

Wateja wa safu ya kwanza hawachukui mkopo.

Mthamini Mchovu

Watakaonunua kwao watachukua.

Wakili wa Mitaani

Kwa ufupi, maana ushauri wa bure una mipaka. Kwetu mnunuzi wa ardhi anatakiwa ajihadhari mwenyewe. Kunyamaza ni kitu kimoja. Ukiulizwa ukadanganya, au ukasema nusu ekari na unajua haipo, hicho ni kitu kingine, mkataba unaweza kuvunjwa na pesa ukarudisha. Mkataba wa ardhi lazima uwe kwa maandishi, kwa hiyo na hili la bahari litie kwenye maandishi, mstari mmoja au miwili na picha zenye tarehe. Wakisaini wamesaini wakijua.

Na ndugu wakikaa kugawana wakumbuke kodi ya faida ya mauzo, ni asilimia 15 tangu Januari 2023.

Mtoto wa Mzee

Marejesho ya bikoni. Mbili za barabarani zipo, nzima. Ya mbele upande wa kusini nimeipata chini ya kisiki cha mvinje ulioanguka, nje kabisa ya palipokuwa na ukuta. Ya kaskazini nimechimba mpaka jirani akatoka na kikombe cha chai akaniuliza natafuta hazina ya Mreno.

Nimeongea na dada. Tutawaambia.

Kijana wa Likoni

Mpange na saa ya kuwaita basi. Usimwachie mganga.

Mtoto wa Mzee (wiki mbili baadaye)

Samahani kwa kupotea. Nimekuja na habari.

Niliwapigia simu, nikamwambia yule bwana kila kitu: ukuta, bikoni, hatua. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza, "Kwa nini unaniambia?" Sikuwa na jibu la maana, nikamwambia mke wako alivua viatu.

Nikawaomba waje tena, walale Mombasa, wafike siku ya pili baada ya mwezi kuandama, saa kumi na nusu jioni. Wakaja, wamemchukua na savea wao. Tumekaa barazani watu wanane na dalali, nimewapikia mahamri na mbaazi kama msiba. Maji yakaja. Hayakuja kwa vishindo, kusi halijaanza. Yalikuja tu, kidogokidogo, yakafunika ufuo wote ule wa siku ya kwanza, yakafika kwenye kisiki, yakazunguka kisiki. Mama hakusema kitu. Alishuka ngazi akasimama pale, wimbi likamfikia vifundoni akiwa bado kwenye majani. Majani, si mchanga.

Savea wao akapima. Kwenye hati kuna nusu ekari. Ardhini imepungua kwa upana wote wa mbele, kama hatua kumi na nne ndani.

Siku tatu baadaye wakaleta ofa: milioni 33. Si kwa ajili ya nyumba. Wanasema nyumba wataibomoa, wajenge mpya huku nyuma karibu na barabara, na mbele wapande mivinje na mikadi, ukuta hawataki. Kaka wa Nairobi alikata simu.

Siku hiyohiyo dalali akaleta mtu mwingine, anafanya kazi nje, pesa taslimu, milioni 37, ameiona ploti kwa video ya WhatsApp. Nikamwambia na yeye kila kitu, nikamtumia na picha za maji kwenye kisiki. Akanijibu kwa sauti, sekunde saba: "Hakuna shida ndugu, tutapiga ukuta wa zege, mita tatu."

Mvita wa Ng'ambo

Habari moja, watu wawili, milioni nne tofauti. Hiyo ndiyo Kapiti yako.

Mama Tawfiq

Na jirani wa hazina ya Mreno? Ukuta wa mita tatu utampeleka wapi yeye?

Mtoto wa Mzee

Alikuja mwenyewe, Mama Tawfiq. Sijui nani alimwambia, mtaa una masikio. Hakugombana. Alisimama getini akaniambia, "Baba yako alipotaka kujenga ukuta mwaka 1991 alikuja kwanza kwangu tukaongea, ndiyo maana aliujenga mfupi." Akaenda zake.

Ndugu tumepigiana kura kwenye simu, Jeddah na yeye akawemo. Tatu kwa mbili, tunawapa wale wa Nairobi kwa milioni 33 na nusu. Wakili ameandika kipengele cha bahari, ukurasa mzima, na picha nne nyuma. Tunasaini Jumatatu.

Sasa dalali anataka kamisheni yake kwa hesabu ya milioni 38.

Dalali Mkongwe

Si mimi huyo. Lakini namwelewa.